Kengele Iliyolia Kabla ya Mlango

Mwanangu Sesilia,

Kosa wanalofanya watu wengi wakisikia habari ya ajali ya chombo majini ni kumtafuta mtu wa mwisho aliyegusa kitu. Wakishampata wanashusha pumzi, wanarudi majumbani. Redioni wanasema chanzo ni kosa la kibinadamu, na kila msikilizaji anaona ameelezwa. Hajaelezwa. Ni sawa na daktari kukuambia kwamba marehemu amekufa kwa sababu moyo wake umesimama. Moyo wa kila marehemu husimama. Wewe ulitaka kujua kwa nini.

Kesho unapanda treni kwenda chuo cha mabaharia Dar es Salaam. Mambo ya chandarua, ya chakula cha njiani na ya kutosinzia behewani na mzigo wako uko mbali, mama yako ameshakuambia, na ataendelea kukuambia mpaka treni iondoke. Huko sina la kuongeza. Ninaandika mchana huu, wewe ukiwa kanisani mnaagana na wanakwaya wenzako, kwa sababu ya neno ulilolisema juzi ukiwa unapiga pasi.

Ulisema, bila hata kuinua uso, "Baba, usiwe na wasiwasi. Mimi nitakuwa mwangalifu. Sitaondoa chombo kabla sijasikia kengele."

Ulisema kwa upendo, najua. Ulitaka kunituliza. Mama yako aliacha kuchambua mchele akanitazama. Mimi nikajibu, "Sawa, mwanangu," nikatoka nje nikajifanya natafuta spana. Nilikaa kule nyuma, kwenye baiskeli za watu ninazozitengeneza, spana nimeishika na sijui ya kazi gani. Kumbe ndivyo unavyojua. Kumbe ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mtoto wangu wa kumzaa amekua akijua kwamba baba yake aliondoa pantoni bila kusikia kengele, na watu wakafa.

Kengele ililia, Sesilia. Ililia, na mimi niliisikia.

Ngoja nikueleze taratibu. Unajua tabia yangu, siwezi kueleza jambo bila kuanzia kwenye shina lake.

Pantoni yetu pale mtoni haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya tajiri mmoja mnunuzi wa mpunga, aliyeileta wakati biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, ili malori yake yavuke kwenda upande wa Malinyi bila kusubiri foleni ya mtu. Mvua za Elnino zilikwisha kuichukua, leo ukienda pale utakuta matete tu. Kilikuwa chombo bapa cha chuma, kama sinia, chenye mlango mkubwa kila upande. Mlango ukilazwa ukingoni, lori linapanda juu yake na kuingia. Lori likiingia, mlango unanyanyuliwa kwa winchi ya mkono, unatiwa pini, ndipo chombo kinaondoka. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha. Chumba changu cha usukani kilikuwa pembeni, juu kidogo, na lori la magunia likishaingia sikuweza kuuona mlango wa nyuma hata nikijinyoosha vipi. Kwa hiyo tuliweka kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo, na mtu wa mlango aliigonga kwa boliti kubwa. Maana yake ilikuwa moja: mlango umefungwa, pini imeingia, ondoa.

Mtu wa mlango alikuwa Damiani, baba yako wa ubatizo.

Sasa sikiliza jinsi kengele ilivyoanza kuharibika, maana hapa ndipo pana ajali yenyewe, ingawa hakuna aliyelowa hata kidole. Chuma cha pantoni kilikuwa cha moto kama kikaango. Abiria hawakutaka kusimama juu yake wakisubiri. Walikaa kwenye kibanda cha Mama Toli, yule muuza chai na maandazi, wakingoja kengele. Ikilia wanakimbia, wanakuta mlango umekwisha kunyanyuliwa. Basi ni matusi.

"Damiani, wewe una roho ya fisi! Unaniona nakuja na gunia kichwani!"

"Nikusubiri wewe? Wewe ndiye gavana?"

Damiani alikuwa mtu wa huruma, bado ni mtu wa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoanza mambo. Akaanza kugonga rimu mapema, kabla ya kushika winchi, ili watu wapate muda wa kukimbia wakati yeye anazungusha. Ugomvi ukaisha. Mama Toli akamsifu. Tajiri akafurahi, maana safari ziliongezeka. Mimi pia nilifurahi. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Damiani, umeshafunga?" Akapaza sauti, "Bado kidogo, nahodha, nawaita hawa!" Nikacheka, nikasubiri.

Tangu hapo nikawa nasubiri. Hakuna aliyeniambia nisubiri kiasi gani. Nilikuwa nasikiliza mlio wa rimu, navuta pumzi, naangalia maji, nafuta mikono kwa kitambaa, ndipo naondoa. Mwili wangu ulizoea urefu wa kazi ya Damiani. Msimu ukapita, na mwingine, na ikawa ndiyo kazi. Ukiniuliza wakati ule kengele inamaanisha nini, ningekujibu vilevile kama mwanzo, mlango umefungwa, tena ningejibu bila kujua kwamba nasema uongo.

Kuna siku moja, kabla ya ile, nilisubiri kama kawaida nikaanza kuondoa, nikasikia watu wanapiga kelele nyuma. Nikazima. Mlango ulikuwa nusu. Damiani alikuwa amebanwa kidole. Tulirudi, tukafunga, tukaenda. Mama Toli alisimama ukingoni akacheka mpaka akashika kiuno. "Leo mngefika Malinyi mlango wazi kama duka! Na wateja ni viboko!" Sote tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nimesoma, Sesilia, nilifanya kazi melini ziwani kabla ya kurudi huku, na nilifundishwa kwamba siku kama ile ni ya kukaa chini na kuulizana. Sikukaa chini. Nilimpa Damiani kitambaa afunge kidole.

Siku ya ajali ilikuwa asubuhi nyeupe, masika, maji yamejaa na yana nguvu. Lori la tajiri limesheheni. Dereva alishuka kunywa chai, akamwachia taniboi, msaidizi wake, kazi ya kuweka jiwe nyuma ya tairi. Rimu ikalia. Mama mmoja wa Malinyi alichelewa, ana mtoto wa kike na mzigo wa vyungu. Damiani akaacha winchi akashuka kumpokea mzigo. Ndivyo alivyo. Nani asingefanya? Mimi kule juu nikavuta pumzi yangu, nikafuta mikono yangu, nikaangalia maji yangu, nikaondoa.

Mlango ulikuwa bado umelala. Pantoni ilipotoka, mkondo uliishika ubavuni, upande wa nyuma ukazama, maji yakapanda juu ya mlango kama yamekaribishwa. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwa taniboi. Lori likarudi nyuma. Lilimchukua yeye, na yule mama, na mtoto wake, waliokuwa ndio kwanza wamekanyaga chuma. Damiani aliangukia upande wa nchi kavu akiwa amekumbatia vyungu.

Sitakueleza jinsi tulivyowatafuta.

Mimi bado nimelowa, nimekaa kwenye matope, nilimsikia Mama Toli akipiga kelele, "Jamani, kengele imelia! Imelia mimi nikiwa namimina chai, nikamwambia huyu baba hapa, kimbia!" Na yule baba akaitikia. Na wengine wakaitikia. Nilisikia kwa masikio haya. Nikajiambia, angalau jambo hili watu wanalijua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Damiani alikuja nyumbani. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Alikuletea muwa, akaumenya mwenyewe, akakupa. Halafu akakaa nami hapo barazani.

"Kaka," akasema, "wewe una shule. Ukitoka hapa, watakuita kwingine. Mimi nikitoka hapa, nani ataniita?"

"Damiani, unaniomba nini?"

"Sikuombi kitu, kaka. Nasema tu."

Nilidhani ni mtu mwenye uchungu anayetaka kuwa karibu na mtu mwenye uchungu kama wake. Nilimwonea huruma. Akakaa, akakutazama ukitafuna muwa, akasema, "Mtoto wetu anakua." Akaondoka. Mimi nilinyamaza, na yeye akaondoka na kunyamaza kwangu kama mtu aliyepewa ruhusa.

Kikao cha uchunguzi kilifanyika ndani ya ghala la tajiri, katikati ya magunia. Damiani aliitwa wa kwanza. Alisema, akiwa anatazama viatu vyangu, "Mimi sikuwa nimegonga. Nilikuwa bado napokea mizigo. Nikashangaa chombo kinaondoka."

Nilisikia kama mtu amenivua shati mbele ya watu.

Wakamwita Mama Toli. Kibanda chake kilikuwa kwenye kiwanja cha tajiri, labda nawe unajua. Alijifunga khanga upya, akasema, "Mimi ni mama wa maandazi. Mambo ya vyombo nitayajulia wapi?" Watu wakacheka. Mkuu wa kikao naye akacheka, kisha akanigeukia.

"Ulimwona akifunga mlango?"

"Nyuma haionekani lori likiwepo."

"Kwa hiyo uliondoka bila kuona."

"Nilisikia kengele."

"Nani mwingine aliisikia?"

Niligeuka. Walikuwepo watu niliowavusha miaka yote. Wengine niliwahi kuwavusha wakiwa na wagonjwa, saa ambazo si za kazi. Yule baba aliyeambiwa kimbia alikuwa amekaa juu ya gunia, anachomoa nyuzi za gunia moja moja. Hakuna aliyeinua mkono. Hata mmoja, Sesilia. Wakaandika kwamba chanzo ni kosa la nahodha, nikanyang'anywa cheti, tukatoka nje, na jua lilikuwa lilelile.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiirudia saa ile, na ukitaka kujua ukweli, wao walinisaliti lakini mimi pia sikusema kama ilivyonipasa. Niliwaambia tu kwamba kengele ililia. Sikuwaambia kwamba ililia kabla ya mlango, kwamba ilikuwa ikilia hivyo kila siku, kwamba sote tulijua, na mimi nikiwemo. Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilitaka kutoka mle msafi kabisa. Nilitaka aliyekosa awe mtu mmoja, na mtu huyo awe Damiani. Yeye alitaka mtu huyo awe mimi. Tulikuwa tunavutana kamba moja, na tajiri alikuwa amekaa katikati anatutazama. Ningeeleza yote, labda ningepoteza kazi vilevile, lakini wangejua ugonjwa uko wapi.

Hawakujua. Nakuambia jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mama yako. Mwaka uliofuata nilikwenda Malinyi kumzika shemeji yangu, nikavuka kwa pantoni ileile kama abiria. Nahodha mpya alikuwa kijana mzuri, msafi, ananiamkia. Damiani alikuwa palepale mlangoni. Rimu ikalia. Nikatazama nyuma. Mlango ulikuwa umelala chini, watu wanakimbia na magunia, Damiani ndio kwanza anashika mpini wa winchi. Nikatazama juu, nikamwona yule kijana anavuta pumzi, anafuta mikono yake kwa kitambaa.

Nilisema kwa sauti, "Jamani, mlango haujafungwa na kengele imelia!"

Mtu mmoja pembeni yangu akasema, "Aa! Huyu naye leo anatufundisha kuvuka." Na mwenzake akamjibu, "Mwache, mzee ana uzoefu. Keshazamisha." Wakacheka kidogo, si sana, maana tulikuwa tunakwenda msibani.

Nikageuza uso nikatazama maji mpaka tulipofika. Siku ile ndipo niliposalitiwa hasa. Kule ghalani walichukua jina langu, hilo nimelizoea. Lakini walikuwa wamewachukua watu watatu waliokufa, wakawafunga pamoja na jina langu, wakatupa vyote, na kesho yake wakaendelea kugonga rimu kabla ya mlango. Yule mama na vyungu vyake hakumfundisha mtu yeyote chochote. Ndiyo kazi ya kumpata mtu mmoja wa kulaumiwa: hakuna mwingine anayelazimika kubadilisha hata namna anavyoshika boliti.

Chuoni watakufundisha mengi mazuri. Watakufundisha taa, mkondo, uzito wa chombo. Yashike. Lakini utakapoingia kazini utakuta kila chombo kina kengele yake. Huenda isiwe rimu. Huenda ikawa kichwa cha fundi anayekitikisa kwa mbali, au neno "tayari" linalosemwa kwenye simu ya chombo, au alama ya chaki. Itakuwa imezoeleka, na watu wanaoitumia watakuwa wema, watakaokuita dada na kukugawia chai. Nenda kaone kwa macho yako kile ambacho kengele inadai kukisema. Watakucheka. Watasema binti wa Ifakara hatuamini. Mimi nilipenda mno kuaminiwa na kuwaamini wenzangu, nikaona kuuliza ni kumtukana mtu. Damiani alikuwa rafiki yangu, niliona aibu kupaza sauti mara ya pili na kusema, Damiani, umeshafunga? Maneno mawili tu. Nimeyasema mengi zaidi ya hayo tangu siku ile, na hayana kazi.

Na siku ukikosea, maana utakosea, usitafute kutoka msafi. Eleza yote, na sehemu yako uitangulize.

Sasa nirudi kwa Damiani. Hajawahi kuniomba radhi. Kila Krismasi analeta kuku. Alikufundisha baiskeli, akiikimbilia nyuma kwenye vumbi la Lipangalala mpaka akakohoa. Sanduku utakalosafiri nalo kesho ni yeye aliyelinunua. Nimemwachia akupende, kwa sababu mapenzi yake kwako si ya uongo, na kwa sababu nilijiambia kwamba mtoto hana haja ya kubeba vita vya wazee. Nilijidanganya kwamba huo ni uungwana. Kumbe nilikuwa nanyamaza kwa mara nyingine, na wewe ukaujaza ukimya wangu kwa maneno yake. Sikulaumu. Ungetoa wapi mengine?

Ninaumia, lakini sikutumi vitani. Ninachotaka ni kwamba usiende kushika usukani ukiamini kuwa ukisikia kengele umemaliza kazi. Na siwezi kukutaka uniamini mimi tu kwa kuwa nimekuandikia. Ndiyo kwanza nimekuambia usiamini mlio. Yupo mtu mmoja aliyekuwa na boliti mkononi. Anakusubiri leo jioni, mkewe amekwisha kuchinja kuku, na mimi nimesema goti linaniuma sitakwenda. Goti haliniumi.

Akikuambia hakugonga, usibishane naye. Kula chakula chake, mshukuru kwa sanduku, rudi nyumbani. Utakuwa umeona uso wa mtu mwema anayesema uongo, na uso huo utaukuta tena melini. Akikuambia aligonga, mwambie kesho aje stesheni, nitamwachia nafasi kwenye benchi.

Nenda kwake leo kabla giza halijaingia, mwamkie kama siku zote, kisha muulize kama kengele ililia.

Baba yako.